Je, Kutembea Jioni ni Uvivu?

Kila mwaka, tarehe 21 au 22 Desemba, jua hufika mwisho wa safari yake ya kusini. Huko Ulaya siku hiyo ndiyo fupi kupita zote; mjini Roma mchana wake hauzidi sana saa tisa, na watu hujifungia ndani kwa sababu ya baridi. Kwetu mambo ni kinyume. Sisi tukaao kusini ya ikweta twapata siku iliyo ndefu kupita zote za mwaka. Mtu akisimama nje wakati wa adhuhuri, popote nchini Tanzania, ataona kivuli chake kimeelekea kaskazini, maana jua limekwisha kumpita na kwenda kusini yake. Kweli, urefu huo si wa kutisha: Songea, kwa mfano, mchana wa Desemba wauzidi ule wa Juni kwa saa moja na robo hivi, wala si zaidi. Lakini ni saa moja na robo ya mwanga, na sehemu yake huongezwa jioni, wakati mtu amekwisha kutua jembe na bado hajawasha taa.

Majuma hayo ndiyo ambayo ndugu zetu wengi hurudi nyumbani. Mabasi hujaa wanafunzi waliofunga shule, makarani, mafundi, wafanya biashara na watoto wao, wote wakielekea Kilimanjaro, Bukoba, Iringa, Njombe au Mbinga, ili wale Noeli pamoja na wazazi. Wakisha kufika, wakasalimiana na kunywa chai, aghalabu mmoja wao husema, "Ngojeni nikatembee kidogo." Akiwa njiani hukutana na mzee atokaye shamba, jembe begani. Mzee humwuliza kama ilivyo desturi, "Wendapi, mwanangu?" Naye hujibu, "Natembea tu, baba."

Neno hilo "tu" ni dogo, lakini lina aibu ndani yake. Aendaye kisimani hasemi kwamba ateka maji tu, wala atafutaye mbuzi aliyepotea hasemi kwamba atafuta tu. Bali yule asiye na shughuli hujiona kana kwamba amekamatwa, naye hujitetea kabla hajashtakiwa. Basi juma hili twapenda kuliuliza swali lake waziwazi, kwa kuwa si dogo kama lionekanavyo. Je, mtu aendaye mashambani wakati wa jioni, pasipo kutafuta kuni wala kuchunga wala kwenda dukani, afanya jambo jema, au apoteza wakati aliopewa na Mungu?

Tuangalie kwanza ni vitu gani avionavyo mtu huyo. Katika mikoa yetu ya kusini mvua huwa zimekwisha kuanza. Mahindi yafika magotini, na kati ya mistari yake majani ya maharagwe yamefunika udongo. Msituni mikusu yaanza kuivisha matunda, na watoto warudi nyumbani midomo inanata. Juu ya mashamba waruka mbayuwayu, na wengi wao ni wageni: wamezaliwa chini ya mapaa ya mazizi ya Ulaya, kisha wamevuka bahari ya Mediteranea na jangwa la Sahara, kila mmoja akiwa na uzito wa gramu 20 hivi, kuja kula wadudu wetu mpaka baridi ya kwao iishe. Jua lakaribia kuzama. Songea huwa ni karibu na saa moja kamili. Kwetu mwanga haukawii kuaga kama ukawiavyo katika nchi za kaskazini. Kwa muda wa nusu saa giza limekwisha kuingia.

Nayo nusu saa hiyo ina shughuli nyingi. Ikiwa mchana mvua ilinyesha, ardhi hufunguka na kumbikumbi hutoka kwa maelfu. Huruka mara moja tu katika maisha yao, kisha huyaangusha mabawa yao, nao dume na jike huenda wawili wawili kutafuta mahali pa kuanzisha kichuguu kipya. Vyura huanza kuitana bondeni. Upande wa kaskazini-mashariki hutokea Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wetu walikipa jina kutokana na kulima, kwa kuwa kilikuwa kalenda ya jembe lao. Katika hayo yote hakuna hata moja ambalo mtembezi wetu amelifanya, na karibu hakuna ambalo atakwenda nalo nyumbani, isipokuwa labda kumbikumbi, kama watoto wamekumbuka kuchukua bakuli.

Sasa wapo watu wenye busara ambao hawatapendezwa na sifa hizi. Tusizidharau hoja zao. Watasema kwamba kwa mkulima wa kusini Desemba si mwezi wa kutazama nyota. Ni mwezi wa palizi, nayo magugu hayangoji sikukuu. Tena katika nyumba nyingi ni mwezi ambao ghala imeanza kupungua, na mavuno bado yako mbali. Watatukumbusha ya kuwa wahenga hawakusema mgeni siku ya tatu mpe fimbo ya kutembelea. Walisema mpe jembe. Watatukumbusha Mtume Paulo, aliyewaagiza Wathesalonike wasimlishe mtu akataaye kufanya kazi. Na Mtakatifu Benedikto, ambaye katika Kanuni yake ya karne ya 6 aliuhesabu uzembe kuwa adui wa roho, akawapangia wamonaki wake saa za kazi ya mikono kila siku. Wana wa Benedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 hawakujenga kanisa peke yake. Walijenga pia karakana na shule, wakalima.

Watatukumbusha na jambo lingine lililo karibu nasi zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi neno ambalo wanaume wengi hawakufurahi kulisikia: kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita watu wote wa nchi hii, hali wanaume wa huko huishi nusu ya maisha yao kama watu walio likizoni, na nguvu zao zapotea katika maongezi, ngoma na pombe. Mwalimu Nyerere alikijua kijiji, kwa kuwa alizaliwa kijijini. Kama matembezi ya jioni ni jina jipya la likizo ile, basi hatuwezi kuyatetea, na ukurasa huu haungekuwa mahali pa kuyasifu.

Lakini je, ni kweli kwamba kila asiyeshika jembe ni mvivu? Hapa hatuna budi kwenda polepole. Tangu utoto tumefundishwa kwamba uvivu ni mmoja wa vilema vile saba vilivyo mizizi ya dhambi. Wengi wetu twadhani kilema hicho maana yake ni kutopenda kazi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alikichunguza kwa makini zaidi. Alisema uvivu ni aina ya huzuni: ni uzito umpatao mtu mbele ya wema wa Mungu, hata wema huo usimfurahishe tena. Tena alipouliza uvivu wavunja amri ipi, hakutaja amri yoyote ya kazi. Alijibu ya kuwa wapingana na amri ya tatu, ile ya kuitakasa siku ya Bwana.

Tulitafakari jibu hilo, maana lageuza mawazo yetu juu chini. Sisi husema mvivu ni yule asiyeweza kufanya kazi. Thomas atufundisha kwamba mvivu ni yule ambaye moyo wake hauwezi kutulia katika Mungu. Kwa hiyo mtu aweza kuhangaika toka alfajiri mpaka usiku wa manane, akahesabu fedha zake hata siku ya Dominika, akawa bado ni mvivu. Kwa kuwa akimbia kila nafasi ambayo ingemlazimu kukaa kimya mbele ya Muumba wake. Na mtu mwingine, akiisha kumaliza kazi ya siku, aweza kusimama penye njia panda akitazama mbayuwayu, asiwe mvivu hata kidogo.

Hata lugha yetu yashuhudia, ingawa yashuhudia kwa kificho. Neno "shule" tumelipokea kwa Wajerumani. Nao walilipata katika Kilatini, nao Walatini kwa Wayunani wa kale. Kwao neno hilo, scholē, halikuwa na maana ya madawati wala viboko. Maana yake ilikuwa ni nafasi ya kupumzika, wakati ambao mtu amekuwa huru na mahitaji ya tumbo, aweze kutafakari yaliyo kweli. Aristoteli alifundisha kwamba twafanya kazi ili tuipate nafasi hiyo, wala si kwamba twapumzika ili turudi kazini tukiwa na nguvu mpya. Mkristu ataongeza kwamba nafasi hiyo ina Mwenyewe. Katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo, Mungu autazama mwanga, nchi kavu, miti na wanyama, naye aona kila kimoja kuwa ni chema. Na wakati huo mwanadamu hajaumbwa bado, hakuna wa kuvila vitu hivyo wala wa kuviuza. Vilikuwa vyema kabla ya kuwa na faida kwetu. Baba Mtakatifu Fransisko alilikumbusha fundisho hilo mwaka 2015 katika waraka wake Laudato Si', aliposema kwamba viumbe wengine wana thamani yao wenyewe mbele ya Mungu, nasi haitupasi kuwapima kwa manufaa yetu peke yake.

Mkulima humtazama mbayuwayu akashukuru kwamba anakula wadudu. Si vibaya. Lakini asipojua kumtazama kwa namna nyingine, siku moja atamtazama jirani yake vivyo hivyo, akiuliza huyu anifaa nini. Na siku nyingine atamtazama hivyo mama yake mzee, asiyeweza tena kupalilia wala kutwanga. Ndiyo sababu twaona swali letu si dogo. Jicho lililozoea kuuliza faida ya kila kitu halijui kukoma lifikapo kwa wanadamu.

Liko tena jambo la pili ambalo matembezi hulifunza jicho, nalo lahusu mahindi ya watu wengine. Njia ya jioni haipiti katika shamba langu tu. Yapita mpakani mwa jirani, na mara nyingine mahindi yake ni marefu kuliko yangu. Huenda alipata mbolea mapema; huenda aliamka mapema kuliko mimi. Hapo moyo wa mtembezi hupimwa. Aweza kusema, "Mungu ambariki," akaendelea na njia yake. Au aweza kuanza kujiuliza ni dawa gani iliyotumika. Sote twajua maswali ya namna hiyo yamevifikisha wapi vijiji vingine: ndugu wameacha kusalimiana, ajuza wameitwa wachawi, na damu isiyo na hatia imemwagika katika nchi yetu kwa sababu ya mawazo yaliyoanza na kumtazama jirani vibaya.

Waswahili wa kale waliuita wivu "kijicho", yaani jicho lililofanywa dogo. Hawakukosea. Mwenye kijicho huona shamba moja tu, lake mwenyewe, na kila shamba lingine kwake ni tusi. Dawa ya jicho dogo ni kulifanya kuwa kubwa, nalo hukua kwa kuzoea kufurahia mema yasiyo yake. Jua lizamalo si langu. Kilimia si changu. Nikiweza kuvifurahia hivyo bila kuvimiliki, nimekwisha kuanza kujifunza kuyafurahia mahindi ya jirani. Mtu atakayedharau matembezi kwa kuwa hayaleti chakula nyumbani, na akumbuke ni nyumba ngapi zenye chakula tele ambazo kijicho kimezibomoa.

Basi je, tumekwisha kushinda hoja? La, bado. Tumeonyesha kwamba kutazama uumbaji si uvivu. Hatujaonyesha ni nani anayelipa gharama yake. Nalo Azimio la Arusha bado latutazama.

Turudi nyumbani kwa yule mgeni aliyetoka mjini. Yeye yuko njiani, mikono nyuma, akivuta hewa safi. Wakati huo huo mama yake yuko wapi? Aghalabu yuko njia nyingine, iendayo kisimani, na ndoo kichwani. Mke wake yu jikoni katika moshi, kwa kuwa wageni wa Noeli wanahitaji kula. Dada yake atoka msituni na mzigo wa kuni. Wote hao wapo chini ya anga lile lile, na jua lile lile lawazamia. Lakini mwenye mzigo kichwani hawezi kuinua uso kuitazama nyota. Jioni ambayo kwake mgeni ni zawadi, kwao ni saa za mwisho za kazi iliyoanza kabla hakujapambazuka. Huyu apumzika, na wengine watatu wazidi kuchoka ili yeye apumzike.

Pumziko la namna hiyo si zawadi ya Mungu. Ni mali iliyochukuliwa kwa mwingine bila idhini yake. Nasi twaweza kuyathibitisha hayo kwa amri ile ile ya tatu tuliyoitaja. Mtu na aisome tena katika Kitabu cha Kutoka au katika Kumbukumbu la Torati, ataona jambo la ajabu. Mungu haishii kumwambia mwenye nyumba apumzike. Ataja mmoja mmoja wale ambao hawana budi kupumzika pamoja naye: mwana na binti, mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe na punda, hata mgeni aliye ndani ya malango. Na katika Kumbukumbu la Torati Waisraeli waamriwa wakumbuke ya kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri, mahali ambapo hawakupumzishwa na mtu. Amri hiyo, basi, ni amri ya kuwapumzisha wengine kwanza. Papa Leo XIII alipowatetea wafanya kazi mwaka 1891 katika waraka Rerum Novarum, alidai pia wapewe pumziko, kwa kuwa mwajiri hawezi kununua roho ya mtu pamoja na mikono yake. Neno alilowaambia wenye viwanda lawahusu pia wenye nyumba.

Wapo watakaosema kwamba kuteka maji na kupika ni kazi ya wanawake tangu zamani, na kwamba mwanamume aonekanaye na ndoo atachekwa kijijini. Twajua kwamba atachekwa. Lakini hatukuona mahali popote katika Maandiko Matakatifu palipoandikwa kwamba ndoo ina jinsia. Twaona mahali palipoandikwa ya kuwa Bwana wetu Yesu Kristu, usiku ule wa mwisho, alijifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akawaosha wanafunzi miguu. Na kazi hiyo katika nyumba za wakati ule ilikuwa kazi ya mtumishi. Petro naye aliona ni aibu. Mwanamume Mkatoliki aogopaye kuchekwa na majirani penye kisima, na amwombe Petro amfundishe jinsi alivyoishinda aibu hiyo.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: kutembea jioni si uvivu, lakini kwaweza kuwa wizi. Hayatakuwa wizi matembezi ambayo kila mtu wa nyumbani ana zamu yake katika hayo. Nasi twaona kwamba kipimo hiki ni rahisi, hata mtoto aweza kukitumia. Kabla ya kutoka mlangoni, mtu aulize: ni nani aliyebaki, na kwa sababu gani? Kama amebaki kwa kuwa apenda kubaki, vema. Kama amebaki kwa kuwa kazi ni nyingi, basi kazi ifanywe kwanza na mikono mingi, ndipo watoke wengi. Maji yaweza kutekwa saa kumi na wana wawili wa kiume waliotoka shule ya bweni. Kuni zaweza kupasuliwa na baba aliyetoka ofisini. Mwili wake utamshukuru. Na chakula kikipikwa mapema kikafunikwa, hakuna malaika atakayekasirika kwamba kimeliwa kikiwa kimepoa kidogo.

Hapo lugha yetu yatusaidia tena. Kutembea ni kwenda. Lakini ukiongeza silabi moja, wapata "kumtembelea" mtu, yaani kwenda kwa ajili yake. Waliotuachia Kiswahili waliona kwamba mwisho mwema wa mwendo ni mlango wa mtu. Maandiko yasema yayo hayo. Isaka alitoka jioni kwenda kutafakari kondeni. Alipoinua macho aliona ngamia wakija, na juu ya mmoja wao Rebeka, aliyekuwa mke wake. Wale wanafunzi wawili walitembea mpaka Emau jua likichwa, nao walimpata Bwana kwa sababu walimsihi yule msafiri waliyemdhani mgeni alale kwao. Na kabla ya hao wote, Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Mungu mwenyewe alikuwa akitembea bustanini wakati wa upepo wa jioni, akimtafuta Adamu, akamwuliza alipo. Adamu alikuwa amejificha. Yule mzee mwenye jembe amwulizaye kijana aendako hafanyi neno geni. Aifuata desturi ya kale sana. Basi kijana asijifiche nyuma ya neno "tu". Na awe na jibu.

Jibu lenyewe laweza kuwa hivi: "Naenda na mwanangu kumtazama babu." Watoto wengi wa mijini wajua majina ya wachezaji wa mpira wa nchi za mbali, wala hawajui mti uliotoa mpini wa jembe la bibi yao. Wakitembea na baba yao kwa mwendo wa mguu mdogo, simu ikiwa imeachwa nyumbani, wataujua mninga na msasa, watajua shamba la ukoo laishia wapi na kwa nini, watajua ni nani aliyezikwa chini ya msalaba ule wa saruji. Mwendo wa mtoto na mwendo wa mzee ni karibu sawa. Aliye katikati, mwenye nguvu, ndiye apaswaye kupunguza wake. Jambo hilo dogo ni mazoezi mazuri ya upendo, na twajua baba wengi wasioliweza.

Au laweza kuwa hivi: "Naenda kumsalimu mgonjwa yule wa mtoni." Au hivi: "Naenda makaburini kuwaombea marehemu wetu." Au hata hivi: "Naenda kumshukuru Mungu kwa siku iliyopita." Jibu hilo la mwisho si la kujisifu, wala halihitaji kutolewa kwa sauti; kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, mtu asimame, avue kofia, asali, na aliye karibu ataelewa.

Twafahamu kwamba si wote wenye mashamba ya kutembea. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, wakaao katika chumba kimoja cha kupanga, watatuuliza mbayuwayu wako wapi kwao. Twawajibu kwamba wapo, na wakati mwingine hukaa safu juu ya nyaya za umeme. Nayo mbingu haikupangishwa kwa mtu yeyote. Lakini kipimo chetu ni kile kile mjini kama shambani. Msichana wa kazi aliyetoka kijijini kuja kuwalea watoto wenu, je, hupata jioni yake? Amri yamtaja mtumishi wa kike waziwazi, tena yamtaja kabla ya ng'ombe. Msipoweza kumrudisha kwao wakati wa Noeli, mpeni angalau saa moja ya mwanga iwe yake, atoke kwenda kanisani au kwa rafiki, wala asiulizwe amechelewa kwa nini.

Liko jambo moja la mwisho la kukumbuka. Tarehe 21 Desemba, katika Masifu ya Jioni, Kanisa lote humwita Mkombozi ajaye kwa jina la Jua lichomozalo. Huko kaskazini sala hiyo yasomwa katika usiku mrefu kuliko zote, nayo yaeleweka kwa urahisi: watu wako gizani, waomba mwanga. Sisi twaisoma hali nje bado kweupe. Je, imetupotea maana? Twaona sivyo. Aliye gizani huomba jua kwa kuwa hana. Sisi twaliomba tukiwa nalo, tukijua kwamba hata siku ndefu kuliko zote huisha, na kwamba kuanzia juma linalofuata mwanga wetu utaanza kupungua kidogo kidogo mpaka Juni. Twautazama uzuri wa jioni tukiwa na shukrani, wala hatuufanyi kuwa Mungu. Mwanga tunaoungoja ni ule usio na jioni, nao wawangoja pia wale wenye ndoo vichwani.

Basi, wazazi wapenzi, nanyi vijana mliorudi nyumbani, tokeni mkatembee. Lakini kwanza tekeni maji.